Pazia Lililoshonwa Kombo

Kwa majuma kumi na moja mwalimu wa Kifaransa alikuwa akiuliza swali moja kila asubuhi, na kwa majuma kumi na moja dawati la mwisho, lile la karibu na dirisha, halikumjibu. Swali lenyewe halikuwa la kuumiza kichwa. Hujambo, unaitwa nani? Hata binti yake wa miaka mitatu, ambaye bado alivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia, alikuwa ameshalijibu kwa Kifaransa huku mkate umemjaa mdomoni.

Msichana wa dawati la mwisho alimtazama tu. Angekuwa anatazama kwa kiburi, mwalimu angepata pa kushika. Mwenye kiburi hugombezwa yakaisha. Huyu alitazama kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba anavyomtazama mpita njia dirishani. Kisha shingo ilikakamaa, macho yakashuka kwenye daftari, na basi.

Wenzake walimwita Bubu. Bubu hakuwa. Jirani zake walishasema kwamba nyumbani anaongea kama maji ya bomba lililopasuka, ila akivuka lango la shule tu, kinywa kinafungwa kama duka siku ya msiba. Ilikuwa hivyo tangu darasa la kwanza. Walimu wengine walishamzoea, wakampita kama wanavyoipita nguzo. Lakini mwalimu wa Kifaransa angempitaje? Daftari safi kuliko yote lilikuwa lake. Mwezi uliopita alikuwa ameacha mezani barua ya kurasa tatu kwa Kifaransa, hakuna aliyemwagiza, inayoeleza jinsi mama yake anavyokata sketi kutoka kwenye kitambaa kisichotosha. Mwalimu aliisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akaiweka kwenye mkoba, si kwenye kabati.

Mwalimu mkuu hakutikiswa na barua. Wanafunzi walimwita Kengele, kwa sababu kengele ya shule hakumwachia mtu. Aliigonga mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, kila kipindi.

"Hati nzuri," alisema akimrudishia kurasa zile. "Lakini lugha ni ya mdomo, mwalimu. Mtu hajifunzi kuogelea kwenye karatasi."

"Anajua kila kitu, mzee."

"Anajua na nani? Wewe na yeye? Mtihani wa kuzungumza unataka walimu wawili wamsikie. Si mmoja, si sauti ya kurekodi kwenye simu. Masikio mawili na mengine mawili."

"Manne, mzee."

"Ndiyo hayo. Maswali kumi, dakika ishirini, ajibu sita. Asipofikisha, anatoka kwenye Kifaransa, anahamia kilimo."

"Kwani kilimo hakina mtihani?"

"Kinao. Lakini jembe halisubiri jibu, binti yangu."

Mwalimu alitoka na barua yake. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Msichana angepoteza kitu kimoja pekee alichokuwa akikifanya bila kuambiwa, na angekipoteza kwa kukosa sentensi sita.

Basi akajaribu. Alijaribu upole: alipiga magoti kando ya dawati na kunong'ona. Alijaribu peremende. Alijaribu kusubiri, kwani subira yavuta heri. Siku ya nne akakumbuka kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, akaona kwamba wahenga nao hawakukaa kikao kimoja wakakubaliana. Ijumaa uvumilivu ulimwishia. Yeye mwenyewe Kifaransa alikuwa amekipata kwenye masomo ya jioni, baada ya kazi, tumbo la ujauzito limegusa ukingo wa meza, na mkufunzi mmoja mkali akigonga ubao: Rudia! Rudia! Alirudia hadi koo likakauka, na akajua. Hakuwahi kuona njia nyingine.

"Leo hatutoki," alisema kengele ya mapumziko ilipolia. "Darasa zima linasimama mpaka kila mtu ataje jina lake. Kila mtu."

Darasa likasimama. Majina yakatajwa, safu kwa safu, mpaka yakafika dirishani na kukwama.

"Madamu," alidakia msichana aliyeitwa Redio, ambaye betri zake hazikujua kuisha, "mimi nimsemee? Sauti yake naweza kuibuni."

"Nyamaza wewe."

"Mwambie yeye aseme, mimi ninyamaze, tutakuwa tumebadilishana!"

Darasa likaangua kicheko, kisha kicheko kikageuka. "Sema basi, tukale!" "Bubu, jina tu!" "Unatuchelewesha, bwana!" Dakika tano. Kumi. Msichana alikuwa ametia ukosi wa shati mdomoni, anautafuna, na ukosi ulikuwa umelowa hadi begani. Mwalimu aliona. Aliona, na bado akasema, "Usiangalie dari, jibu halijaandikwa darini," kama alivyozoea kusema, ingawa msichana hakuwa anaangalia dari.

Kengele ya kurudi darasani ikalia. Wenzake walipokwenda kukimbilia maji, kila mmoja alipopita aligonga dawati lile kwa nyonga.

Jumamosi asubuhi mwalimu alimwacha binti yake kwa shangazi, akaenda kuomba radhi. Nyumba alielekezwa kwa urahisi: chumba cha mbele kilikuwa karakana ya kushonea sare, na mngurumo wa cherehani ulisikika tangu kwenye kona. Alipofika karibu na mlango akasikia kingine juu ya mngurumo ule. Mtu alikuwa anaongea Kifaransa.

Kilikuwa Kifaransa cha haraka, chenye madaha. Sauti iliuliza, sauti ileile ikajibu, ikajikosoa, ikaendelea. Kisha ikakohoa kikohozi kidogo ambacho mwalimu alikifahamu, kwa sababu kilikuwa chake. "Haya, nani mwingine? Wewe? Usiangalie dari, jibu halijaandikwa darini!" Na baada ya kimya kifupi, kwa sauti ya chini, kavu, iliyoigwa sawasawa hata ikachoma: "Leo hatutoki."

Mwalimu alisimama pale na mkono hewani, kabla ya kubisha. Aliposema hodi, cherehani ikamalizia mshono ndipo ikasimama, na sauti ikasimama nayo. Mlango wa chumba cha ndani ukafungwa.

"Karibu, mwalimu, karibu," alisema fundi, mama wa msichana, akikunjua miguu. "Usijali nyuzi, hapa hata chai ina nyuzi."

"Mama, aliyekuwa akiongea ni nani?"

"Nani mwingine? Si Chiriku huyo. Ndivyo tunavyomwita. Humu ndani hanyamazi, mwalimu. Kuna siku namwomba anipe mapumziko kama mnayopewa huko shuleni."

Mwalimu alicheka, kisha akakuta machozi yako karibu kuliko kicheko. "Kwangu hajawahi kutamka hata neno."

"Ndiyo, wananiambia. Kila mwaka wananiita, kila mwaka wananiambia." Fundi aliokota pini sakafuni, akaichomeka kwenye khanga kifuani. "Tangu akiwa mchanga alilala chini ya meza hii. Mashine ikinguruma, anaongea. Nikiisimamisha, anasimama. Tumezoeana hivyo, sikuwahi kuona ajabu."

Mwalimu alilishika neno hilo kama mtu aliyeokota ufunguo. Kabla ya kuondoka aliukaribia mlango wa ndani, akasema, "Ile ya jana ilikuwa makosa yangu. Nisamehe, mwanangu." Mlango haukujibu. Lakini chini yake aliona vidole vya miguu, vimetulia, vinasikiliza.

Jumatatu aliwasumbua wafagizi wawili wamsaidie kuitoa stoo cherehani ya zamani, iliyobaki tangu shule ilipokuwa na somo la ushonaji. Waliifuta vumbi, wakaitia mafuta, wakaiweka kwenye darasa tupu baada ya masomo. Msichana aliitwa. Mwalimu akakaa, akaweka miguu kwenye kanyagio, akakanyaga kwa nguvu zake zote bila kitambaa wala mpango, uso ameugeuzia dawati la dirishani, tabasamu hadi magegoni.

"Haya! Unaisikia? Mashine hiyo! Sema sasa!"

Msichana aliiangalia cherehani. Kisha akamwangalia mwalimu, kwa huruma, kama mtu anayemwona mgonjwa akipewa dawa isiyo yake. Hakusema.

Walirudi Jumanne. Walirudi Jumatano. Mwalimu alikanyaga hadi magoti yakamwuma na ngozi kati ya nyusi zake ikajikunja isikunjuke. Alhamisi Redio alichungulia dirishani, akawatangazia wenzake uwanjani: "Jamani, Madamu kaacha Kifaransa! Sasa ni fundi, leteni suruali!"

"Toka hapo!" alifoka mwalimu, na alipogeuka, msichana alikuwa ameutia tena ukosi mdomoni. Mwalimu akainuka, akafunga mkoba kwa kishindo. "Nenda nyumbani. Nenda tu. Sijui nikufanyie nini, kwa kweli sijui."

Jioni hiyo aliosha vyombo kwa hasira, vikombe vilijua. Nyuma yake binti yake alikuwa ameketi sakafuni na mwiko na sufuria, anampikia mtu asiyeonekana, anamwimbia, anamgombeza kwamba hali mboga. Mwalimu aligeuka amtazame. Wimbo ukakatika. Mtoto akaficha uso kwa sufuria.

"Endelea, mama, nasikiliza."

Sufuria ikatikisika: hapana.

Mwalimu akarudi kwenye beseni. Akasugua sahani. Punde mwiko ukagonga, na yule mgeni asiyekula mboga akaanza kukaripiwa upya.

Mikono ya mwalimu ikasimama ndani ya povu. Alikuwa amemkumbuka fundi. Jumamosi ile, hata aliposikia hodi, fundi hakuwa ameinua macho mpaka mshono ulipofika mwisho. Miaka yote msichana aliongea na mtu ambaye masikio yake yalikuwa kwake na macho yake kwenye sindano. Na yeye, mwalimu, alikuwa amemletea mngurumo na kumwacha na macho yaleyale. Macho ya mwenye njaa aliyekaa kando ya chungu cha wenzake.

Lakini kazi ya kujifanya isingefaa; mtoto wa fundi angeijua. Ilitakiwa kazi ya kweli. Na kazi ilikuwapo: pazia la darasa, ambalo pindo lake lilikuwa limefumuka tangu mwaka jana na ambalo Kengele alikuwa akililalamikia kila kikao cha walimu. Kulishona kungekuwa kazi ya kweli kabisa, maana mwalimu hakujua kushona hata kifungo.

Wiki iliyofuata alikaa akimpa msichana mgongo. Alikunja pindo, likakunjuka. Akalikunja tena. Kati ya kukunja na kukanyaga aliuliza kwa Kifaransa, kwa sauti ya mtu anayejisemea: leo ni siku gani, nje kuna jua au mawingu. Hakungoja jibu. Hilo la kutongoja ndilo lililomtesa kuliko yote. Kila baada ya swali shingo yake ilitaka kugeuka yenyewe, kama ya kuku. Jumatatu, kimya. Jumanne, kimya.

Jumatano uzi ukakatika. Akaupitisha, ukakatika. Akaupitisha mara ya tatu, ukajisokota chini ya kitambaa ukawa kiota, na sindano ikagoma. Mwalimu akasahau mtihani, akasahau Kifaransa, akasahau kwamba nyuma yake kuna mtu.

"Mashine ya laana hii! Una nini na mimi? Nimekukosea nini?"

"Uzi umepita pasipo pake."

Ilikuwa sauti ndogo, yenye mikwaruzo, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Na ilikuwa kwa Kifaransa.

Mwalimu alishika ukingo wa meza ya cherehani kwa mikono miwili, asigeuke. Alitaka kuruka, kupiga kigelegele, kumkumbatia mtoto wa watu. Badala yake akaiuliza sindano, kwa Kifaransa:

"Upite wapi?"

Kimya. Kisha: "Kushoto. Ndani ya ndoano ndogo."

Akaupitisha kushoto. Mashine ikashona.

Siku ya mtihani Kengele aliingia na karatasi ya matokeo, kalamu mbili na saa ya mkononi aliyoivua na kuiweka magotini. Mwalimu alikuwa amemweleza asubuhi, mara tatu: usimtazame, usiseme kitu, shika hili. Alimpa mwisho wa pazia aushikilie usiburuzike chini. Mzee alilipokea pazia kwa ncha za vidole.

"Miaka thelathini ya kazi," alinong'ona, "sijawahi kutahini nikiwa mfano wa kamba ya kuanikia."

"Shikilia tu, mzee."

Akakanyaga. Swali la kwanza akaliambia kitambaa: unaitwa nani? Mashine ilikula mshono mrefu, dakika nzima, na jina likaja. La pili likaja. Katikati ya la tatu mwalimu alijichoma kidole, akamung'unya damu, akaendelea. La tatu likaja. La nne, kwamba anaishi mtaa gani, likaja na sentensi nzima ya ziada kuhusu mfereji ulioziba.

"Safi sana!" Kengele aliachia pazia akapiga makofi. "Hongera, mwanangu! Kumbe unaweza!"

Alikuwa amegeuka amemtazama, uso mzima umefunguka kwa furaha ya kweli. Na kila kitu kikafungwa. Mwalimu hakuhitaji kutazama. Aliisikia ile sauti ndogo ya meno kwenye kitambaa cha ukosi.

Akauliza la tano. Hakuna. Akalirudia. Hakuna. Pindo likafika mwisho wa pazia, akaligeuza, akashona juu ya mshono uleule. Hakuna.

"Manne," alisema Kengele taratibu. "Bado mawili."

"Si umemsifu!" Mwalimu alisimamisha mashine. Hakujali tena kwamba huyu ni mkubwa wake. "Nimekuambia mara tatu, mzee. Wiki tatu! Wiki tatu nimehangaika mpaka nikajifunza kutogeuka, wewe dakika nane zimekushinda!"

"Kumsifu mtoto kumekuwa kosa?"

"Kwa huyu, leo, ndiyo. Furaha yako ni mzigo anaotakiwa kuubeba. Mbebeshe kesho."

Hakuna mwalimu aliyewahi kumfokea Kengele ndani ya shule yake, mbele ya mwanafunzi. Aliiangalia saa magotini, muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma saa.

"Zimebaki dakika saba," alisema mwishowe.

Kisha mwalimu mkuu akainuka, akachukua kiti chake, akakigeuza. Aliketi akiuelekea ukuta, pua yake karibu na rangi iliyobanduka, kama mtoto aliyeadhibiwa, na karatasi ya matokeo juu ya goti. Aliunyoosha mkono mmoja nyuma, akapapasa hewa, mpaka akalipata pazia na kulishika.

Mwalimu akakanyaga. Dakika mbili hakuuliza kitu; alishona tu, kwa sababu pazia bado lilihitaji kushonwa. Kisha akaiuliza sindano: mama yako anafanya kazi gani?

Mashine ilinguruma. Nje mtu alipita akiburuta ndoo.

"Mama yangu ni fundi," ilisema sauti nyuma yake. "Anashona sare. Hata gauni lako, Madamu, lile la kijani ulilotuma mtu alilete, yeye ndiye aliyelipunguza."

Mkono mwingine wa Kengele ukatia alama ndogo kwenye karatasi.

"Na unapenda nini katika kazi yake?"

Hapo mashine ilinguruma muda mrefu. Mwalimu alihesabu mishono ili asihesabu dakika. Shingo ilimwuma. Aliwaza kilimo, aliwaza jembe lisilosubiri jibu.

"Napenda kwamba macho yake yana kazi," ilisema sauti.

Alama ya pili ikatiwa. Kengele hakugeuka. Mabega yake tu yalipanda yakashuka mara moja, kama ya mtu aliyetua gunia.

Mwalimu naye hakugeuka, ingawa pazia mbele yake lilikuwa limetiwa ukungu asiione tena sindano.

"Madamu," ilisema ile sauti, na hili halikuwa swali la mtihani, wala hakuna aliyelitia alama. "Pindo limekwenda kombo."

"Najua," alisema mwalimu.

Lilitundikwa hivyohivyo, kombo, upande mmoja umepanda juu kama sketi ya mtu aliyevaa kwa haraka. Redio alilisema juma zima.

Asubuhi ya kwanza baada ya matokeo, mwalimu wa Kifaransa aliingia darasani, akalipa darasa mgongo, akachukua kifutio. Huku anafuta ubao akauliza, kama anayejisemea: hujambo, unaitwa nani? Mbele walijibu. Katikati wakajibu. Swali lilipofika dawati la mwisho, karibu na dirisha, hapakuwa na kitu. Ubao ulikuwa umeshakuwa safi. Akaendelea kuufuta.